Mvi Katika Foleni ya Alfajiri

Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Nakuru na ambaye kwa kawaida huja nyumbani Kaimosi mara mbili kwa mwaka, mwaka 2018 alikuja mara ya tatu kwa sababu moja tu, nayo ni kunikataza safari. Dada yake alikuwa amemdokezea kwamba mama yao, mwalimu mstaafu wa miaka 62, mjane, mwenye presha na goti la kushoto lisilomtii, amekubaliwa kwenda kuishi Bethlehemu kwa miezi mitatu, tena si kama mhujaji wa Nchi Takatifu bali kama mtu wa kujitolea, asimame penye vizuizi vya jeshi la Israeli na kuandika anachokiona. Alikalia kiti cha marehemu baba yake, jambo analolifanya tu anapokuwa na neno zito, akasema, "Mama, kama ni kujitolea, kanisa letu hapa lina paa linalovuja."

Sikuwa na jibu la haraka. Paa lilikuwa linavuja kweli, na hadi leo linavuja upande wa wanawake. Lakini swali lililokuwa chini ya maneno yake nimeulizwa tangu hapo na wastaafu wenzangu wengi: mzee wa Kenya anakwenda kufanya nini huko, na anamfaa Mpalestina kwa lipi? Nitajaribu kulijibu kwa kadiri nilivyoona, pamoja na zile sehemu za jibu ambazo hazinipendezi.

Mpango wenyewe si wa siri. Ulianzishwa mwaka 2002 na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, baada ya wakuu wa makanisa ya Yerusalemu kuyaomba makanisa ya nchi nyingine yatume watu waje kuishi na wenyeji, wayaone maisha yao kwa macho, kisha warudi makwao kuyasimulia. Wanaotumwa hukaa takriban miezi mitatu katika vikundi vidogo vidogo, huvaa vizibao vya rangi ya kaki vyenye nembo ya mpango, na hufungwa na masharti ambayo kijana mwenye damu moto huenda asiyaweze: hawashiriki maandamano, hawabishani na askari, hawarushi hata neno, sembuse jiwe. Hatukuwekwa upande wa taifa moja dhidi ya jingine, lakini pia hatukuruhusiwa kujifanya hatujui sheria inasemaje, na sheria hiyo, hasa Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, inaikataza dola inayoikalia nchi ya wengine kuhamishia raia wake humo. Neno zuri la kazi hii kwa Kiswahili lingekuwa kuandamana, maana ndilo neno la kale la watu wanaokwenda njia moja, lakini Kenya ya leo ukimwambia mtu unakwenda kuandamana atanusa gesi ya kutoa machozi. Mimi husema kusindikiza. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa hadi barabarani, na mara nyingi maongezi yenye maana ni yale ya njiani.

Pingamizi la kanisani lilikuwa gumu kuliko la mwanangu. Katika sehemu zetu bendera ya Israeli hubandikwa kwenye vioo vya matatu na hutundikwa nyuma ya mimbari, na wapo watu wema kabisa wanaoamini kwamba kumwuliza askari wa nchi ile swali lolote ni kumwuliza Mungu. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu mume wangu, alinisomea Mwanzo 12:3, "nitawabariki wakubarikio". Nilimwomba naye afungue Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, tusome pamoja habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Ahabu alikuwa mfalme wa Israeli, na cheo hicho hakikumzuia Eliya kumwuliza kwa nini amechukua shamba la mtu. Mzee alifunga Biblia taratibu, akaniambia kwamba ataniombea. Nadhani aliniombea nibadili nia.

Sisi Marafiki, ambao wengine hutuita Quaker, tulipaswa kuwa wepesi zaidi wa kuelewa. Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mti huo ulipandwa hapa hapa Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson. Wachache wetu wanajua kwamba kabla ya kufika kwetu, Marafiki walikuwa wamekwisha kufika Ramallah, na kwamba shule yao ya wasichana huko ilianza mwaka 1869, miaka 33 kabla ya Kaimosi. Kwa hesabu ya kanisa, Wapalestina wale ni kaka zetu wakubwa.

Kuna jambo la pili ambalo nililifundisha kwa miaka mingi katika somo la Historia na ambalo kila mara lilizua kelele darasani. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia kwa waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi ya taifa lao, pendekezo la kuwatengea Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu, mwendo wa saa chache kutoka mahali ninapoandikia haya. Mkutano wao wa sita, uliofanyika Basel mwaka huo, ulibishana kwa machungu, ukaamua kutuma tume. Tume ikaja kuutazama uwanda mapema mwaka 1905, na mkutano wa saba ukalikataa pendekezo. Sisemi haya ili kumcheka mtu, kwa maana Wayahudi wa wakati ule walikuwa wakichinjwa katika miji ya Urusi na walitafuta mahali pa kulaza watoto wao. Ninachotaka kionekane ni kwamba katika barua zile zote hakuna aliyekwenda kumwuliza Mnandi au Mmaasai kama ardhi ina mwenyewe. Hatimaye uwanda ule ulipewa walowezi wengine, na baba yangu mzazi alilima ngano yao akiwa na kipande shingoni.

Nitarudi kwenye kipande. Kwanza nieleze nilikojifunza kusindikiza, kwa kuwa sikujifunzia Palestina. Januari 2008, baada ya uchaguzi ule uliozua ghasia, mimi na wanawake wenzangu wa kanisani tulipeleka blanketi na unga katika kambi ya waliofukuzwa makwao upande wa Eldoret. Mwanamke mmoja mzee, ambaye nyumba yake ilikuwa imechomwa na vijana aliowajua kwa majina, alipokea blanketi, akalikunja, akaliweka chini, akaniambia, "Mwalimu, nimeshukuru. Sasa lala hapa." Sikumwelewa mara moja. Alitaka mtu wa kabila jingine alale katika hema lake, ili yeyote atakayekuja usiku ajue kwamba yupo mtu wa nje atakayesimulia. Nililala pale siku nne. Sikufanya lolote la maana isipokuwa kuwepo, na bado sijapata kazi iliyonichosha kuliko ile.

Basi mwezi wa Septemba 2018 nikapanda ndege Kisumu, nikapitia Nairobi na Addis Ababa hadi Tel Aviv, nikiwa na vidonge vya presha vya kutosha siku 100, na barua ya daktari iliyoniruhusu kwa shingo upande.

Kizuizi kikubwa cha Bethlehemu huitwa kwa namba yake, 300. Hapo ndipo wanaume wa Bethlehemu na wa vijiji vya Hebroni wenye vibali vya kazi walivuka siku zile kwenda Yerusalemu na kwingineko, wengi wao wakiwa waashi, maseremala na vibarua wa ujenzi. Tuliamka saa tisa usiku, tukateremka kando ya ukuta wa saruji ambao sehemu hiyo una urefu wa kama mita 8 kwenda juu, na tulipofika tulikuta foleni imekwisha kujaa. Unapaswa kuwazia njia nyembamba iliyobanwa kati ya ukuta na vyuma, kama ile ya kupitishia ng'ombe kwenye josho, yenye paa la bati, na ndani yake maelfu ya wanaume wamesimama kifua kwa mgongo tangu usiku wa manane, wengine wakisinzia wima, kila mmoja na mfuko wa plastiki wenye mkate na nyanya. Mwishoni mwa njia palikuwa na mlango wa vyuma unaozunguka, ambao askari aliufungua na kuufunga kwa kitufe. Baada yake palikuwa na mashine ya kukagua chuma, kisha dirisha la kuonyesha kibali na kuweka kidole kisomwe. Nje ya vyuma walikuwapo wauzaji wa kahawa yenye iliki, ambayo harufu yake ilinirudisha Mombasa kila asubuhi.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilipewa kidude cha chuma chenye kitufe, ukibonyeza kinaongeza moja, na kila baada ya nusu saa niliandika daftarini wangapi wamepita, mlango umefungwa mara ngapi, na kwa dakika ngapi. Pembeni palikuwa na mlango mwingine kwa ajili ya wanawake, wazee na wagonjwa, uliopaswa kufunguliwa foleni inapozidi, na ulipokosa kufunguliwa tulipiga simu kwa namba tuliyopewa tukaomba ufunguliwe. Huo waliuita mlango wa kibinadamu, jina linaloacha swali kuhusu milango mingine.

Baba yangu alipewa kipande akiwa kijana. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri, iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba, na Mwafrika aliyetoka nje bila nacho alitiwa ndani. Mfumo huo ulianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukadumu hadi miaka ya 1940. Baba hakupenda kuuzungumzia, lakini hadi anakufa hakuvaa kitu chochote shingoni, hata tai ya harusi yangu. Nilimfikiria sana pale 300, hasa nilipowaona wanaume wa umri wake wa wakati ule wakishika kadi zao mdomoni ili mikono yote miwili ipate nafasi ya kufungua mkanda wa suruali kabla ya mashine.

Lipo jambo moja kuhusu umri ambalo sikulitarajia. Wakati ule, Mpalestina mwanamume aliyepita miaka 55 na mwanamke aliyepita 50 waliruhusiwa kwa kawaida kuvuka bila kibali maalumu, kwa hesabu kwamba mzee hana hatari. Kwa hiyo katika foleni ile ya vijana wenye makaratasi walionekana wazee waliopita kwa mvi zao tu. Mmoja wao, mtu wa kijiji cha karibu na Hebroni, aliniuliza alfajiri moja mimi ni nani na nafanya nini na kile kidude. Kiarabu changu kilikuwa kile ambacho kila Mswahili anacho bila kujua, yaani sabuni, kahawa, zeituni, haki, ardhi, saa, maskini, subira, na kwa kutumia hazina hiyo nikajigusa kifua nikasema, "Ana shahidi," nikikusudia "mimi ni shahidi", maana ana kwao ni mimi. Alirudi nyuma nusu hatua. Muuza kahawa akaangua kicheko, akaeleza kwa Kiingereza kwamba nimejitambulisha kama mtu aliyekwisha kuuawa kwa ajili ya dini au nchi. Kwao sauti ikivutwa mwanzoni, shaahid, ni yule aliyeona. Ikivutwa mwishoni, shahiid, ni yule aliyekufa. Kiswahili kimeyachukua yote mawili kikayatia katika neno moja, na ni msikilizaji anayeamua ni lipi. Tangu siku hiyo mzee yule aliponiona alinyanyua mkono akaita, "Hajja! Shaahid, ha?" akihakikisha kwamba bado niko upande wa kwanza wa neno.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo katika kikundi chetu haikupendwa sana. Kusindikiza kwa namna hii kumejengwa juu ya wazo kwamba askari au mlowezi wa Kiisraeli atajizuia akijua kuna mgeni anayetazama, kwa kuwa mgeni ana ubalozi, ana bunge, ana magazeti nyuma yake. Mgeni anayefikiriwa hapo ni wa aina fulani. Wenzangu watatu walitoka Ulaya na mmoja Amerika ya Kusini. Wale wa Ulaya walipokaribia askari, askari alinyoosha mgongo. Nilipokaribia mimi, mara mbili niliulizwa kama ni mkimbizi wa Eritrea niliyepotea njia, na mara moja nilidhaniwa kuwa mfanyakazi wa ndani wa mmoja wa wenzangu. Hata ngao hiyo ya Wazungu haina uhakika: Rachel Corrie, msichana wa Marekani, alipondwa na tingatinga la jeshi huko Rafah, Gaza, tarehe 16 Machi 2003 alipokuwa akizuia nyumba isibomolewe, na Aysenur Eygi, Mmarekani mwenye asili ya Uturuki, aliuawa kwa risasi kijijini Beita Septemba 2024, miaka sita baada ya safari yangu. Hao walikuwa wa makundi mengine yenye masharti tofauti na yetu, lakini kama pasipoti ya Marekani haikuwatosha, ya Kenya ingenikinga nini?

Niliwaza hivyo kwa wiki kadhaa, kwa uchungu kidogo, hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nimezichanganya kazi mbili. Kulinda kunahitaji mtu aonekane. Kushuhudia kunahitaji mtu aone, na katika kazi hiyo mwanamke mzee Mwafrika, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu ya goti, ana nafasi ambayo kijana mrefu wa Ulaya hawezi kuipata hata akijificha. Askari walipiga soga mbele yangu. Walizuia na kuachilia watu kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta. Wanawake wa Kipalestina nao, ambao kwa wenzangu walijibu kwa heshima na kwa ufupi, kwangu walikaa chini wakavua viatu. Sikuwa ngao nzuri, na sitadanganya mtu yeyote kwamba nilikuwa. Daftari langu, hata hivyo, ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote, na mratibu wetu alizoea kuliomba kwanza.

Mara moja tu nilionekana. Askari mmoja kijana, wa sura ya Kihabeshi, alitoka kwenye kibanda chake akanijia, akaniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akasema bibi yake alitembea kwa miguu kutoka Uhabeshi hadi Sudan miaka ya 1980 ili afike Israeli, na kwamba ninafanana naye. Kisha akaniuliza kwa nini nahesabu. Nilimjibu kwamba kuna wazee nyuma ya mlango ule wa pembeni ambao haujafunguliwa kwa dakika 40. Alitazama mlango, akanitazama mimi, akarudi kibandani. Haukufunguliwa. Nimeandika hivyo daftarini, na pembeni nikaandika kwamba alinipa kwanza chupa ya maji, kwa sababu hilo nalo lilitokea.

Wazee wengine niliowakuta penye vizuizi walikuwa wanawake wa Kiyahudi. Tangu mwaka 2001 wapo Waisraeli, wanawake peke yao na wengi wao bibi wenye wajukuu, wanaojiita Machsom Watch, ambao huenda vizuizini kutazama na kuandika kama sisi. Mmoja, mwenye miaka zaidi ya 70, alikuwa na goti bovu la kulia, nasi tulichekeana kwamba tukiunganishwa tunapata mwanamke mmoja mzima. Aliniambia kwamba mjukuu wake yuko jeshini na kwamba Ijumaa jioni, familia inapokutana mezani, yeye na kijana yule huzungumzia chakula tu. Kwa mwanamke huyo niliona ushujaa kuliko wangu, kwa maana mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi mahali ambapo hakuna atakayeninunia.

Mwezi wa Oktoba tulikwenda mara kadhaa Khan al-Ahmar, kijiji cha Wabedui wa kabila la Jahalin mashariki ya Yerusalemu, karibu na barabara ya kuteremkia Yeriko. Watu hao walikuwa wamefukuzwa Negev miaka ya 1950, na tarehe 5 Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Israeli ilikuwa imetoa idhini kijiji chao kibomolewe. Shule yao imejengwa kwa magurudumu ya magari yaliyopangwa na kukandikwa udongo, kwa sababu katika eneo linaloitwa C, ambalo ni takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi na liko chini ya mamlaka kamili ya Israeli, kibali cha kujenga kwa mawe karibu hakipatikani. Wageni, Wapalestina wa miji mingine na Waisraeli walikuwa wakilala pale kila usiku kungojea tingatinga. Mwalimu wa darasa la tatu aliposikia kazi yangu ya zamani, alinipa chaki na dakika kumi, nikawafundisha watoto kuhesabu hadi tano kwa Kiswahili. Walipofika kwenye "tano" walikuwa wakipiga kelele za kutosha kuezua bati. Mwishoni mwa mwezi huo serikali iliahirisha ubomoaji. Sitasema ni kwa sababu yetu, kwa kuwa serikali za Ulaya nazo zilikuwa zimepiga kelele na mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague alikuwa ameonya. Wala sikuweza kujisifu kama Mkenya, maana mwaka huo huo serikali yangu mwenyewe ilikuwa ikiwatoa watu Msitu wa Mau kwa kuchoma nyumba, na mimi sikuwa nimekwenda kulala huko hata usiku mmoja. Mwanangu alinikumbusha hilo kwenye simu, na alikuwa na haki.

Kuhusu mavuno ya zeituni sina mengi, kwa kuwa kila anayerudi huko huyasimulia. Mashamba yaliyo karibu na makao ya walowezi huingiwa kwa siku chache tu ambazo jeshi limezipanga, hivyo ukoo mzima hukimbizana na kalenda, vijana juu ya ngazi wakichana matawi kwa vireki vidogo vya plastiki na turubai zikiwa zimetandikwa chini. Goti langu liliniweka chini pamoja na bibi, tukipepeta majani, na nilifurahi sana kwa sababu pale ndipo siri za ukoo husemwa.

Jumapili moja nilipanda basi hadi Ramallah kuabudu na Marafiki katika nyumba yao ya mawe iliyojengwa mwaka 1910. Marafiki wa kwetu tuna mchungaji, kwaya, ngoma na matangazo ya harambee. Wale hukaa kimya. Tulikaa watu wachache kwa saa nzima bila neno, na mimi, niliyekuwa nimezoea kuwashwa na vigelegele vya akina mama wa Kaimosi, nilisinzia, nikakoroma, nikaamshwa na kikohozi changu mwenyewe. Hakuna aliyenigeukia. Baada ya ibada bwana mmoja mzee alinishika mkono akasema kwamba katika mji ule usingizi mtulivu ni ibada ya kutosha.

Nilirudi Desemba, na tangu hapo nimezungumza katika makanisa na shule za Vihiga, Kakamega na Kisumu, mara nyingine mbele ya watu 200 na mara nyingine mbele ya mlinzi na mbwa wake. Mwaka 2019 kituo cha 300 kiliwekewa milango ya kielektroniki na kamera za kutambua nyuso, foleni ikawa fupi zaidi. Vibali vilibaki vile vile. Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipoua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli na kuteka wapatao 250, wakiwemo vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo ambao wote wawili walipoteza maisha, na baada yake vita vya Gaza vilivyoua Wapalestina kwa makumi ya maelfu. Niliwapigia simu wote niliokuwa na namba zao, Bethlehemu na Yerusalemu Magharibi. Mama wa goti la kulia alilia nami nikalia. Muuza kahawa aliniambia kwamba foleni imekwisha, maana vibali vya karibu wafanyakazi wote vimesimamishwa, na kwamba hana wa kumuuzia.

Wiki chache baadaye Wizara ya Leba ya Kenya ilitangaza kwamba vibarua 1,500 watapelekwa mashambani Israeli, kwa mshahara wa dola 1,500 kwa mwezi. Jirani yangu hapa karibu na soko la Cheptulu ana kijana mwenye diploma ya kilimo ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisukuma bodaboda ya mtu. Alikuja jioni na fomu, akaniomba barua ya tabia njema kwa kuwa nilimfundisha darasa la sita. "Kukhu, wewe umefika kule," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Ni kubaya?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilimpa daftari la mwaka 2018. Alilisoma kwa muda mrefu, akifuata kwa kidole safu za tarakimu, saa kumi, saa kumi na nusu, saa kumi na moja, mlango umefungwa, mlango umefunguliwa. Akauliza, "Hawa wote wako wapi sasa?" Nikamwambia wako nyumbani kwao, ng'ambo ya ukuta, hawana kazi. Alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Niliandika barua. Tabia yake ni njema, na fomu haikuniuliza jambo jingine. Aliondoka mapema mwaka 2024, na Jumapili akipata mtandao hunipigia. Mara ya kwanza alinieleza kuhusu pilipili hoho na baridi ya usiku. Mimi nilimwuliza nani alikuwa akizichuma kabla yake, akasema hajui lakini ataulizia kwa msimamizi. Nimemwuliza tena mara mbili. Bado anaulizia.